Nafaka ya Nyumba Iliyoachwa Nyuma

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Naye ndiye tunayemhimidi na kumtaka msaada. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya haya: Ndugu zangu Waislamu, kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya maswali. Watu wa hapa Runzewe, na wa Ushirombo na Masumbwe, na wengine watokao Katoro na Geita, hunijia baada ya darasa ya alasiri, na mengi katika maswali yao siku hizi si ya twahara wala ya swala, bali ni khabari za mtu fulani aliyekwenda mjini. Mume yuko Dar es Salaam na hana barua wala salamu. Binti alichukuliwa akafanye kazi Mwanza, na namba ya simu waliyopewa wazazi haiiti. Kijana ameoa huko huko, na wazee hawajui ameoa kwa nani. Nami nimeona kuyajibu haya moja moja kwa mdomo hakutoshi, kwani yule ambaye hukumu inamhusu mara nyingi ndiye asiyekuwapo darasani. Basi karatasi hii na imfikie huko aliko. Mabasi hupita hapa kila siku, na mwenye kupenda kheri ataitia mfukoni ampelekee.

Wala sina nia ya kuulaumu mji. Wako wenye kuhutubu ambao kila wakisimama juu ya mimbari husema kuwa mji ni fitina tupu na shamba ndiko kwenye dini. Maneno haya hayana msingi. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alikwenda Yathrib, na mahali pale pakaitwa Madina, na maana yake ni mji. Huko ndiko zilikoshuka hukumu nyingi za ndoa na talaka na mirathi na biashara. Na katika mambo ya awali aliyoyafanya huko ni kujenga msikiti, kisha kuwaunganisha udugu Muhajiri na Ansari, mtu na mtu, ili mgeni wa mji asikose wa kumjua. Na Imamu wetu Shafii (R.A.) alizaliwa Ghaza, akalelewa Makka, akasoma Madina, akafundisha Baghdad, akafa Misri mwaka 204 wa Hijra. Umri wake wote ni wa miji. Kwa hivyo asiseme mtu kuwa mji umemharibu. Aseme alichokiacha alipoingia mjini.

Dar es Salaam aliianza Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Ilipofanywa hisabu ya watu mwaka 1957 wakaaji wake walikuwa laki moja na kitu. Katika hisabu ya mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na katika ile ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Maana yake ni kuwa katika miaka kumi umezidi mji ule watu zaidi ya milioni moja, na milioni hiyo si ya waliozaliwa huko peke yao. Ndani yake mna watu wetu.

Na sababu ya watu wetu kwenda ina namna yake, mbali na ya watu wa mikoa mingine. Nchi yetu ni ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, lakini wengi wa jamaa zetu si wa mgodi ule; ni wachimbaji wadogo wa maduara, na wenye makarasha, na wanaofanya biashara pembezoni mwao. Fedha ya mkulima huja kwa msimu, naye huijua siku yake. Fedha ya duara huja ghafula, na mtu aliyelala jana akiwa na deni la sukari huamka leo akiwa na milioni ishirini. Basi huona Runzewe ni ndogo kwake. Husema, nakwenda Dar es Salaam nikafungue duka, nikanunue gari, kisha nitaichukua nyumba yangu. Duka huenda mwaka mmoja, gari hupata ajali, fedha huisha. Na hapo ndipo inapoanza ile khabari tunayoulizwa. Nimechunguza khabari nyingi za wanaume walionyamaza, na nimeona kuwa walio waovu wa moyo ni wachache. Walio wengi wamefungwa na haya. Mtu aliondoka akipigiwa vigelegele, anaona vibaya kurudi na mfuko wa plastiki. Lakini haya ya namna hii si ile iliyo sehemu ya imani, kwa sababu haya iliyo sehemu ya imani humzuia mtu asidhulumu, na hii humwachia mtoto wake njaa.

Nimekaa Dar es Salaam mara kadhaa, mara nyingine miezi mitatu, katika nyumba za jamaa na za wanafunzi wangu wa zamani, Mbagala na Buguruni na Manzese, na nimeona kuwa hata aliye pamoja na watu wake mjini huweza kuwa mbali nao. Baba huondoka kabla ya alfajiri ili awahi daladala, na hurejea watu wamekwisha swali Isha, na watoto wamelala. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 baina ya Kimara na Kivukoni yamewapunguzia baadhi ya watu taabu hiyo, lakini wengi wangali wakishinda njiani. Nilimuuliza mtoto wa miaka mitano katika nyumba moja, baba yako ni mtu wa namna gani? Akanijibu, "Baba ni wa Jumapili." Waliokuwapo wakacheka, na baba mwenyewe akacheka, kisha akainamisha kichwa.

Na chumba chenyewe hulipiwa kodi ya miezi sita mbele, na ikikaribia kwisha ile miezi sita ndipo nyumba hukosa amani. Hapo huingia wale wakopeshaji ambao watu wa mjini wenyewe wamewaita kausha damu. Mwanamke hukopa fedha ya sare za skuli bila ya kumwambia mumewe, na deni hupanda kila wiki, na siku ya siku huja watu wakachukua televisheni na godoro mbele ya majirani. Sihitaji kueleza kuwa hii ni riba, kwani hata watoto wa chuoni wanajua. Ninalolisema ni kuwa mume aliyemwacha mkewe afikie kukopa kwa siri hawezi kumlaumu peke yake. Yapasa aulize kwanza alimpa nini mkononi mwezi ule.

Katika Sahihi ya Bukhari mna kisa cha Salman na Abu Dardai (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu. Salman alikwenda kumzuru ndugu yake akamkuta Ummu Dardai amevaa nguo za kujitupa, akamuuliza ana nini. Akajibu kuwa ndugu yako huyu hana haja ya dunia. Abu Dardai alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha kwa swala. Salman akamfuturisha, akamlaza, na akamwambia kuwa Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki, na watu wa nyumba yako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema Salman amesema kweli. Tazameni basi, huyu aliyelaumiwa alikuwa katika ibada, na bado akalaumiwa kwa kuisahau nyumba. Aliyeisahau kwa sababu ya kijiwe cha kahawa na mpira atasemaje? Na tazameni tena aliyegundua. Hakuwa kadhi wala ndugu wa damu. Alikuwa mgeni aliyeingia nyumbani akatazama. Dar es Salaam watu sita hukaa nyumba moja yenye uwanja mmoja na choo kimoja, na hakuna anayemjua mke wa mwenziwe amekula nini. Wanajuana siku ya msiba tu, na siku hiyo kwa kweli ni wazuri sana: nimeona mtu asiye na jamaa akizikwa na watu wa mtaa kwa sanda yao na fedha zao, asichangiwe hata senti kutoka kwao alikozaliwa. Laiti wangemjua akiwa hai.

Sasa nirejee katika masala yenyewe. Mwanamke mmoja wa pande zetu hizi, na simtaji wala sitaji kijiji chake, alinijia mumewe akiwa ametimiza miaka minne Dar es Salaam. Alikuwa na watoto wanne. Mume alikuwa akituma kidogo kidogo kila Idi, kisha ikawa simu inaita na haipokewi. Nilidhani amekuja kuniuliza talaka. Akasema, "Mwalimu, ameacha mbuzi wake kwa ndugu yake. Nikiuza wawili niwalishe wanawe, nitakuwa nimeiba?"

Swali hili liliulizwa kabla yake na Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.). Alishitaki kuwa mumewe ni mtu mzito wa mkono, hampi kinachomtosha yeye na mwanawe ila akichukua bila ya yeye kujua. Mtume (S.A.W.) akampa ruhusa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Wanazuoni wetu wamesema kuwa neno lile "kwa wema" ndilo mpaka: achukue cha matumizi, si cha kujitajirisha wala cha kulipiza kisasi. Basi nikamwambia auze, na auze mbele ya mashahidi wawili, na bei iandikwe, na aliyenunua ajulikane. Shemeji yake alikataa kwanza. Alipoelezwa hukumu akawatoa mbuzi mwenyewe.

Na hapa nieleze hukumu ya nafaka katika madhehebu yetu, kwa kuwa watu wengi hudhani nafaka ni sadaka ya mume, akiwa nacho hutoa na akikosa hupita. Si hivyo. Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja kuwa nafaka ya mke kwa kila siku ni mudi mbili juu ya tajiri, na mudi moja juu ya fakiri, na mudi moja na nusu juu ya wa kati, katika chakula wanacholiwa watu wa nchi ile. Kwetu ni mahindi au mchele au muhogo. Na juu ya hapo kuna kitoweo, na gharama ya kusaga na kupika, na nguo kila miezi sita, na vyombo, na maskani. Na jambo kubwa ambalo watu hawalijui ni hili: nafaka ya mke haianguki kwa kupita wakati. Siku iliyopita bila ya kutolewa huwa ni deni juu ya mume kama deni la dukani, hata kama hakuna kadhi aliyehukumu, maadamu mke hakutoka katika utiifu wake. Na mume aliyesafiri mwenyewe akamwacha nyumbani hawezi kusema kuwa mke ndiye aliyejitenga. Mume akifa nalo, hulipwa katika tarika yake kabla ya warithi kugawana. Ama nafaka ya watoto hukumu yake ni mbali: iliyopita haiwi deni ila kadhi awe amehukumu ikopwe, lakini dhambi ya kuwaacha na njaa haipiti.

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa haja nyingine nilimtafuta yule mume nikampata. Alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu mwingine, amepanga chumba kimoja, na ndani yake mna mke wa pili aliyeambiwa kuwa hana mwingine. Akanisalimu kwa adabu zote na kunibusu mkono, kwani aliwahi kusoma kwetu. Akasema, "Mwalimu, nirudi na nini? Niliondoka na fedha kila mtu anajua. Nikirudi hivi si watu watanicheka?" Nikamwambia, watu wamekwisha kucheka, mwanangu, wamechoka, sasa wanazungumza mengine. Kisha nikatoa kalamu, tukafanya hisabu. Nilimhesabia kama fakiri, mudi moja kwa siku: katika miaka minne ni mudi zipatazo 1,460. Tukiuchukulia mudi kuwa ni zaidi kidogo ya nusu kilo, ni zaidi ya magunia saba ya mahindi ya kilo mia, bado kitoweo na nguo, na tukatoa alizokuwa akituma kwa Idi. Alipoiona hisabu alinyamaza kitambo kirefu. Nafikiri alikuwa akingojea mawaidha ya moto na akhera, naye alikwisha kuyasikia mengi; magunia hakuwahi kuyasikia.

Nikamsimulia amri ya Sayyidna Umar (R.A.) aliyoipokea Imamu Shafii na Baihaki, kuwa aliwaandikia maamiri wa majeshi khabari ya wanaume walio mbali na wake zao, wawashike ama watoe nafaka ama wataliki, na wakitaliki wapeleke nafaka ya muda waliouzuilia. Hawa walikuwa askari katika jihadi, hawakuwa katika pikipiki. Na imepokewa pia kuwa Umar alimuuliza bintiye Hafsa ni muda gani mwanamke huweza kustahimili kukaa mbali na mumewe, na kwa jibu lake akaweka mpaka wa askari kukaa vitani. Riwaya zimekhitalifiana, baadhi yake miezi minne na baadhi yake sita. Yule kijana alikuwa na miaka minne.

Usiku ule akapiga simu mbele yangu. Mke hakulia wala hakugomba. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbuzi wawili nimewauza, umeambiwa?" Akasema ameambiwa. Akasema, "Basi ni hayo." Tangu siku ile hutuma kwa simu kila Ijumaa kiasi tulichopatana, na lile deni la nyuma bado liko, na karatasi yake iko kwangu.

Lakini si kila mume hupatikana, na si kila mke atasubiri. Basi jueni ya kuwa katika madhehebu yetu mume akithibiti mbele ya kadhi kuwa ameshindwa na nafaka, mke ana khiari: akitaka atasubiri na deni litahesabiwa, na akitaka kufasikhi, mume hupewa muhula wa siku tatu, na asubuhi ya siku ya nne ndoa hufasikhiwa. Ama akiwa anacho na amekataa tu, au yuko mbali na hali yake haijulikani, kauli yenye nguvu ni kuwa hapana fasikhi, bali hakimu humlazimisha. Lakini wako katika wakubwa wa madhehebu waliotoa fatwa ya kufasikhi pale nafaka isipoweza kupatikana kwa njia yoyote, na fatwa hii ndiyo ninayoiona inafaa katika zama zetu, kwani mtu wa kumlazimisha aliyejificha katika watu milioni tano hayupo. Na aliyepotea kabisa, haijulikani yu hai au amekufa, kauli mpya ya Imamu ni kuwa mkewe angoje mpaka kifo au talaka ithibitike, na kauli yake ya kale ni angoje miaka minne kisha akae eda ya kufiwa.

Na asifasikhi mtu mwenyewe chumbani kwake. Zanzibar kuna mahakama za kadhi, na Kenya zimetajwa katika katiba yao ya mwaka 2010; huku kwetu bara ndoa hukatwa na mahakama za serikali kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria ile inataka shauri lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi, na Waislamu huenda BAKWATA, iliyoanzishwa mwaka 1968. Lakini imetoa ruhusa mwanamke aliyetelekezwa na asiyejua mumewe aliko asilazimishwe kupita barazani. Wengi hawalijui hili, hurudishwa nyumbani wakaambiwa wamlete mume kwanza. Ushauri wangu ni kuwa mwanamke atake hukumu ya masheikh na ya mahakama pamoja, ili asiwe ameachwa mbele ya hawa na ni mke wa mtu mbele ya wale.

Nasikitika kusema kuwa katika khutuba za miji nilizozihudhuria nimesikia mengi juu ya mavazi ya wanawake, na sauti zao, na kutoka kwao. Juu ya nafaka nimesikia mara moja, na khatibu alikuwa mzee sana.

Masala mawili mafupi. La kwanza, mume aliyeandika talaka katika simu akaipeleka: maandishi katika madhehebu yetu ni kinaya, yaani huulizwa nia yake, akisema alinuia, imepita tangu alipoandika, na akisema hakunuia, haikupita. Basi mke asiolewe kwa ujumbe wa simu mpaka mume aulizwe, na aliyeushika ujumbe ule asiufute. La pili, mwenye wake wawili katika miji miwili: kuwa mbali kwa mji hakumwondolei wajibu wa zamu. Ama awakusanye mji mmoja kila mtu na nyumba yake, ama aende kwa huyu na kwa yule. Masiku aliyokaa akilala kwa mmoja ni haki ya mwingine inayomngojea. Tajiri wa dhahabu mwenye mke Runzewe na mke Dar es Salaam, anayekuja kwetu siku tatu za Idi tu, asijidanganye kwa ukubwa wa ng'ombe anayemchinja.

Limebaki jambo la mabinti, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Kila mwaka ikifika mwisho wa skuli huja mtu na kusema kuna mama mzuri mjini anataka msichana wa kazi. Binti ana miaka kumi na mitatu. Wazazi huambiwa atasomeshwa cherehani. Hupanda basi, na njia ya kufika Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa elfu moja, hana maharimu pamoja naye, na anayempeleka hajulikani kwao ni wapi. Mjini huwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Ndiye anayewalea watoto wa yule baba wa Jumapili. Hula baada ya wote. Mshahara wake hutumwa kwa baba yake, au husemwa kuwa umewekwa. Na mume wa nyumba ile huwa naye faragha, jambo ambalo sharia imeliharamisha kwa kila mwanamke asiyekuwa maharimu, na hakuna aliyesema kuwa msichana wa kazi ametolewa katika hukumu hiyo.

Ummu Sulaim (R.A.) alimpeleka mwanawe Anas kwa Mtume (S.A.W.) amtumikie, naye ni mtoto wa miaka kama kumi. Akamtumikia miaka kumi, na akashuhudia mwenyewe kuwa hakuambiwa hata siku moja neno la kuudhika, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya. Na Anas akawa mwanachuoni mkubwa katika wapokezi wa hadithi. Utumishi wa nyumbani basi si aibu, na mtoto huweza kutoka humo akiwa mtu. Lakini Ummu Sulaim alijua anampeleka kwa nani, na alikuwa mji ule ule, akimwona.

Kwa hivyo nawaambia wazazi: aliye chini ya miaka kumi na minne msimtoe, sheria ya kazi ya mwaka 2004 imemkataza mtu kumwajiri, na tangu mwaka 2016 skuli za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, basi udhuru wa ada haupo. Aliyekwisha kuwa mkubwa akataka mwenyewe kwenda, asiende ila na maharimu wake wa kumfikisha, na maharimu huyo aingie ndani ya nyumba aone atakapolala, na kama mlango una komeo. Mshahara utajwe kwa tarakimu, na siku yake itajwe. Imepokewa na Ibn Majah kuwa mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na mshahara ule ni mali yake yeye. Baba akiupokea ameupokea kwa amana, na akiutumia bila ya ridhaa yake, naye si muhtaji, anadaiwa. Jina la mwenye nyumba, na mtaa, na namba ya simu, na jina la msikiti ulio karibu, viandikwe katika karatasi mbili. Moja ikae kwa mama wa binti. Nyingine iletwe hapa madrasa. Nimeweka daftari, na kila nikipata mtu anayekwenda mjini humpa majina matatu au manne akawapigie hodi.

Wallahu aalam.